Moduli Iliyokubali Nafasi Tupu

Mwape hakuona kwamba nafasi tupu kwenye kadi nayo ilikuwa habari. Alikuwa mtunzi wa programu katika ofisi ya kompyuta ya kampuni ya shaba, Lubumbashi. Moduli yake, kipande cha programu kinachoweza kutumiwa na kazi tofauti, ilipokea kadi zilizotobolewa kutoka idara yoyote, ikakusanya habari za kila mtu, kisha ikatoa orodha kwa mpangilio wowote ulioombwa. Aliitunga kwa ajili ya mgawo wa unga. Baadaye hospitali ikaichukua, ipange nani anafaa kushuka mgodini. Kadi za hospitali hazikuwa na namba za kazi, basi ikawatambua watu kwa majina yao mawili. Jina moja likikosekana, haikulalamika. Iliendelea na lililopo.

Kisha serikali ikapiga marufuku majina ya Kikristo, na makarani wakayaondoa kwenye kadi.

Jumapili moja kaka yake, Mulenga, mchimbaji aliyekuwa akiitwa Rigobert Mulenga kabla ya marufuku, alimfuata nyumbani mtaa wa Bel-Air huku akikohoa.

"Mwape, docteur aliona vumbi mu mapafu, akasema nibakie juu. Sasa mashini yako inasema niko muzima, nishuke. Ilisomea bunganga wapi?"

"Yaya, kaka yangu, mashini haikosake. Muulize docteur."

"Docteur iko congé, alienda kupumuzika. Chef anasema karatasi ya mashini ndiyo mukubwa. Nikikataa, bananifukuza. Bibi yangu Agnès na batoto batakula mashini?"

"Nitaangalia."

Aliangalia, lakini aliangalia programu yake, kwa kadi za majaribio za zamani, zenye majina kamili. Matokeo yakatoka sahihi. Akamwambia kaka yake hakuna kosa, na Mulenga akashuka.

Masika hayajaisha, walimpandisha akitema damu. Hakutoka hospitalini.

Baada ya mazishi ndipo Mwape alipoomba kadi zenyewe za hospitali. Mulenga walikuwa wawili: kaka yake, na mwingine aliyeitwa André, mwenye mapafu safi. Moduli iliwafanya mtu mmoja, ikashika kadi iliyosomwa mwisho, ya André.

Aliiandika upya. Sasa ikikuta nafasi tupu husimama, na karani huenda kumwuliza mhusika mwenyewe. Nyumba ya Mulenga ilikuwa ya kampuni, nayo ikaichukua. Agnès na watoto walihamia Kasungami, pembezoni mwa mji, wakaanza kulima.