Kuigiza Maiti

...usipumue kwa kifua, pumua kwa tumbo, kidogo kidogo, Nasri mwongozaji amesema hii ndiyo mara ya mwisho, wingu limeshuka kutoka Meru na jua likiondoka hatuna picha, na mimi nimelala ndani ya jeneza kwenye uwanja wa watu hapa Ngaramtoni, pamba puani, kwenye filamu hii naitwa Ephraimu, marehemu tangu jana... mwalimu Faudhia kule Kaloleni alitufundisha kumwingia mhusika, tafuta uchungu wako mwenyewe, alisema, uuvae, haya, maiti ana uchungu gani, Nasri yeye hataki habari hizo, "Kaka, usiigize chochote, kuwa gogo tu," lakini gogo halina shavu, na inzi yuko kwenye langu anatembea... wanawake wanapita kuniaga, kilio cha posho, huyu anakohoa kuliko anavyolia, sasa anakuja yeyo, mama yangu mzazi, nilimwombea nafasi mwenyewe maana kina mama walipungua, nikamwambia, yeyo, unasema tu "Ephraimu mwanangu," basi, unapita.

"Ephraimu mwanangu," anasema, vizuri kabisa, haya pita yeyo... hapiti, ameshika ukingo wa jeneza, "Lomayani," anasema, hapana yeyo, siyo hilo, "Lomayani, wamekuleta"... kaka yangu Lomayani, shimo lilimfukia machimboni Mirerani, mwaka wa sita huu, hawakumtoa, tulirudi na koti lake tu, na yeyo hakulia, watu wakasema ana roho ngumu, jamani, utamliliaje mtu ambaye hujamwona... anapapasa uso wangu, mkono unanuka moshi na maziwa, nasikia kamera inasogezwa, Nasri ananong'ona, "Acheni, acheni iendelee," anafurahi mshenzi yule, hajui, na Faudhia hakunifundisha hili, nikifumbua macho nitamuua Lomayani mara ya pili mikononi mwake, nisipofumbua namdanganya mama yangu mbele ya watu, na aliyemleta hapa ni mimi, nifanye nini, chozi linakuja, lirudi, maiti halii... "Kata," Nasri anasema, watu wanapiga makofi, yeyo hasikii, anaimba polepole kwa Kimaa, lugha yetu, wimbo ule aliotuimbia wote wawili mgongoni mwake, nami sithubutu hata kumeza mate, wanakusanya viti, mtu anasema, kaka amka, tumemaliza, siamki... lia tu, yeyo, ni mimi, wamenitoa.