Pale Wanaporudia

Wapo watu wanaosema "mimi sina wivu" huku jicho limewatoka. Mimi ninao, tena mwingi, na wote niliuelekeza kwa mtu mmoja. Nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yetu. Mimi ndiye mkubwa. Kwa bahati yangu mbaya sote tunafundisha takwimu, chuo kimoja, idara moja, na milango ya ofisi zetu inatazamana.

Mimi nilimtangulia pale. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza niliwafundisha kwenye ukumbi mkubwa kwa sauti yangu hii hii, bila kipaza sauti, na waliojificha viti vya nyuma walinisikia. Kisha chuo kikaleta mfumo wa kusomea mtandaoni, tukaambiwa kila mwalimu ajirekodi. Nikasimama mbele ya kamera, nikafundisha kama siku zote, mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Kitinda akaja na vimbwanga vyake. Video zake fupi fupi, na katikati zinasimama zenyewe zinakuuliza swali. Usipojibu, hazisongi mbele. Siku ya kueleza jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, alipanga viatu vya wanafunzi sakafuni, vidogo hadi vikubwa. Viatu! Nikasema, huyu anafundisha takwimu au anauza mitumba?

Lakini wanafunzi wakampenda. Kila nikipita kwenye korido nasikia, "Umeona ya Madam Viatu?" Hata mama, ambaye takwimu haijui wala haitaki, aliwekewa zile video kwenye simu akawa anawaonyesha majirani. "Huyu mwanangu, mwalimu huyu." Haya, na mimi ni nani pale nyumbani, mpangaji? Roho iliniuma, sifichi.

Mkuu wa idara akatangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata, somo letu la mwaka wa kwanza litapewa mwalimu mmoja tu. Video zake ndizo zitakazosomwa katika matawi yote ya chuo, na yule mwingine atabaki kumsaidia kusahihisha majaribio. Nimsahihishie Kitinda majaribio? Mimi niliyemfundisha kuhesabu kwa vidole? Thubutu!

Kabla ya kikao nikaenda kwa fundi wa mfumo. Akanifungulia grafu inayoonyesha wanafunzi wanavyotazama video zetu. Ya Kitinda ilikuwa imelala tambarare kama sinia. Yangu, karibu na katikati, ilipanda juu ghafla.

"Hapa wanarudia sana, mwalimu," fundi akasema. "Wanarudisha nyuma, wanatazama, wanarudisha tena."

Sikuuliza zaidi. Niulize nini? Wimbo mtamu nani anausikiliza mara moja?

Kwenye kikao nikaiweka ile grafu ukutani kwa projekta, nikasimama kando yake kama bibi harusi. "Mwenzangu ana viatu," nikasema, na watu wakacheka. "Mimi nina ushahidi. Tazameni wanafunzi wanavyorudi kwangu."

Mkuu wa idara akavua miwani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kitinda aliitazama grafu kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikasema moyoni, leo umepatikana.

"Una la kusema?" mkuu akamuuliza.

"Sina. Dada ndiye anayestahili."

Somo nikapewa mimi. Nilirudi nyumbani natembea kama barabara nimeijenga mwenyewe. Binti yangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza pale pale chuoni, alikuwa mezani na simu yake. Nikamsimulia yote, na grafu nikamchorea hewani kwa kidole. Nilitegemea anipongeze. Akavua vipokea sauti masikioni, akainamisha kichwa.

"Mama, wanaorudia pale ni sisi."

"Si ndiyo nasema!"

"Hatuelewi, mama. Pale unapoingiza ile kanuni unasema 'kama mnavyoona', na sisi hatuoni kitu. Tunarudisha, tunarudisha, mpaka bando linakata. Halafu tunaenda kwa mama mdogo, tunaelewa mara moja."

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Juzi tu nilisema mama mdogo anaeleza vizuri, ukaninunia hadi kesho yake."

Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba namba hukuonyesha kilichotokea, haikwambii kwa nini kimetokea, uliza kwanza. Ndiyo hapo, mganga hajigangi. Nikaukumbuka ule mdomo wa Kitinda uliofunguka ukafungwa.

Asubuhi nikavuka korido, nikaingia ofisini kwake bila hodi.

"Ulijua kwa nini wanarudia pale?"

Akaweka kalamu chini. "Nilijua, dada."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje mbele ya watu wote kwamba dada yangu haeleweki? Na lile somo ndilo maisha yako. Mimi nitapata jingine."

"Kwa hiyo ulinihurumia."

Angeweza kukataa. Nilitaka akatae. Machozi yakamlengalenga. "Ndiyo," akasema. "Nilikuhurumia."

Hapo ndipo wivu uliponikaba kweli kweli. Angenicheka, ningevumilia. Angenisema kikaoni, tungegombana kisha tukapatana, ndivyo ndugu walivyo. Lakini anishinde kufundisha, anishinde kupendwa na mama, halafu anishinde hata wema? Abadani! Heri nishindwe mchana kweupe kuliko kushinda kwa sadaka yake.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa mkuu wa idara. "Ile grafu niliisoma vibaya," nikamwambia, bado nimesimama. "Pale wanaporudia ndipo ninapowapoteza. Somo mpe mdogo wangu."

Aliduwaa. Kisha akainuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, watu wenye moyo kama wako wamekwisha duniani."

Kufika mchana, idara nzima ilikuwa inanisifu. Katibu aliniletea chai bila kuombwa. Kitinda alinikumbatia mlangoni, analia. Nikamwambia, "Usinishukuru, huruma yako ndiyo niliyoikataa." Akacheka, akidhani natania.

Jioni, tukiwa bado kazini, mama akapiga simu. Kitinda alikuwa ameshampa habari.

"Mwanangu," mama akasema, "nimesikia ulivyomwachia mwenzako. Siku zote nawaambia watu, kati ya wanangu wote huyu mkubwa ndiye mwenye roho nzuri."

Maneno hayo nimeyasubiri tangu Kitinda alipozaliwa. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba iliyonipeleka kwa mkuu si roho nzuri, ni roho mbaya tupu. Badala yake nikaufungua mlango wa ofisi yangu wazi kabisa, nikaiweka simu kwenye spika, nikaielekeza ng'ambo ya korido.

"Mama, sikukusikia," nikasema. "Nani mwenye roho nzuri?"