Kinda Asiyelijua Jabali

Saa moja na nusu asubuhi Mhesabu Ndege alifika kituoni kwake kilimani, akafungua kiti cha kukunja, akafuta lenzi ya darubini kwa ncha ya mtandio, akaona jabali halipo. Kampuni ya kokoto ilikuwa imemaliza kulilipua Ijumaa. Tai wawili walikuwa palepale pa siku zote, mita arobaini kutoka chini. Jike alikuwa kiotani akiatamia, na dume amesimama pembeni juu ya hewa tupu, anajichokoa manyoya, hana hili wala lile. Mwanamke huyo akaandika: tai wawili, yai moja. Kwenye sehemu ya makazi, fomu ilikuwa na visanduku vitatu: jabali, mti, nguzo. Akageuza karatasi kutafuta cha nne. Wapi!

Miaka kumi na tisa amewahesabu ndege wa jangwa lile la juu, ambalo asubuhi lina baridi ya kukata masikio na mchana jua la kupasua mawe, na mti wa kumbeba tai hakuna hata mmoja. Wale wawili walisimama hewani kwa sababu walilizoea jabali lao. Hilo yeye alilielewa mara moja, na wachimbaji nao wakalielewa. Siku ya tatu hakuna aliyejisumbua kuinua shingo. Kilichomnyima raha ni yai.

"Kinda atazaliwa jabali halipo," alimwambia mumewe wakila. "Hajalikanyaga hata siku moja. Akitoka kiotani atakanyaga nini?"

Mumewe alikuwa dereva wa winchi kwenye kampuni hiyohiyo, mtu wa mzaha. "Si mama yake amshike mkono?" Akaona mkewe hacheki, akaweka kijiko chini. "Mama watoto, nikimfuata huyo kinda juu kwa winchi bila ruhusa, kesho tutakula hiyo darubini yako."

Basi wakaenda kuomba ruhusa. Msimamizi wa machimbo aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawatazama tai dirishani na kuwasifu. "Lakini dada yangu, kibali chetu kinasema jabali likiondoka, na kiota kimeondoka. Nikipeleka winchi pale nitakuwa nimekiri kwamba kipo. Bosi nitamwambia nini?" Afisa wa makao makuu ya kampuni alisema yaleyale kwenye simu, kwa sauti ya pole. Kesho yake mumewe alikuta winchi ina dereva mwingine, yeye amehamishiwa kwenye mizani ya malori.

Kinda akaanguliwa, mweupe, sura mbaya kama watoto wachanga wote, na mwanamke akampenda bure tu. Jike alikuwa akitua hewani, anatembea hatua tatu, anaingia kiotani kumlisha. Kinda alimtazama miguu. Wiki ya saba mwanamke alikwenda getini na blanketi la kitandani, aombe wasimame nalo pale chini, yeye na mumewe, kila mtu ashike upande wake. Askari akalipapasa blanketi, akasema ni zito, zuri, ila wanaoingia ni wenye kofia ngumu. Mwanamke akarudi kilimani nalo begani. Alijikaza kisabuni.

Siku ya hamsini na moja, saa sita mchana, dume alileta sungura. Hakumweka kiotani. Alimweka pembeni, kwenye ukingo walipozoea kulia tangu ujana wao, na sungura akatulia pale hewani. Kinda akanyoosha shingo. Akainua mguu mmoja.

"Rudi!" mwanamke alipiga kelele peke yake kilimani. "Rudi ndani, mwanangu, rudi!"

Mabawa ya kinda yalikuwa bado vishina vitupu. Chini, tingatinga halikusimama. Jike alichana kipande cha nyama, akakishika mdomoni, akakielekeza kwenye kiota kitupu, akangoja. Alingoja hivyo mpaka jua likapinda, na mwanamke alilia mpaka hakuona kitu kwenye darubini.

Mwaka uliofuata mumewe alirudi kutoka mizani, nguo nyeupe kwa vumbi, akamkuta mkewe ameketi hata viatu hajavua.

"Wametaga tena?"

"Wametaga."

"Palepale?"

"Palepale."

Akakaa karibu naye, akamshika bega. "Na wao si wahame tu, jamani."

"Wahame waende wapi? Wao wako kwao."