Mkono wa Mboni

Mwaka 1954 shule ya mtaani kwetu, Nguvumali, iliagizwa itambue mapema watoto wenye vipaji. Mwalimu mkuu Zebedayo alikuwa na kipimo tayari: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, aguse sikio la kushoto. Akigusa, anaandikishwa. Asipogusa, arudi mwakani. Sikilaumu kipimo hicho, maana vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo.

Haji alitangulia. Mkono wake ulipita sikio, ukafika shavuni.

"Huyu ana kichwa!" mwalimu akasema. "Kwenu mko wangapi, Haji?"

Haji akatazama dari. "Ndiyo."

"Mnaona? Hakurupuki kujibu."

Akafuata Mboni, binti wa Semeni muuza vitumbua. Kusoma alijifunzia kwenye magazeti ambayo mama yake alifungia vitumbua.

"Shikamoo, mwalimu. Ubaoni mmeandika Jumatano, na leo Alhamisi."

"Marahaba. Punguza mdomo, nyoosha mkono."

Vidole vilikaribia sikio, visiliguse.

"Mwakani," akasema mwalimu.

Semeni akanyong'onyea. Baba mtu alikwisha sema: asipopokelewa mwaka huu, Mboni aende Moa kwa shangazi yake akalee mtoto.

Nje, Mboni alijipapasa kichwa. "Mama, nywele ndizo zinazokula mkono. Ninyoe."

"Nywele hizi? Jana nimezisuka mpaka vidole vimekufa ganzi!"

"Zitaota, mama."

Semeni alimtazama mwanawe, kisha akamshika mkono wakaenda kwa Shekhe kinyozi, pale kona. Shekhe alinyoa huku akilalamikia wembe wake. Walirudi shuleni kabla daftari halijafungwa, Mboni kipara kikimeremeta. Akapitisha mkono. Sikio likashikika.

Mwalimu Zebedayo alilikagua lile sikio, akakagua na vidole. Hakuwa na la kufanya ila kuandika jina.

"Nani aliyebuni jambo hili?"

"Mboni mwenyewe," Semeni akajibu.

"Mama we, usinifanye mtoto. Nani alishika wembe?"

"Shekhe."

Kinyozi akaitwa. Mwalimu akampa mkono mbele ya wazazi wote. "Bwana Shekhe, kumbe mtaa huu una mtu mwenye akili namna hii, nasi hatujui!"

Shekhe akainamisha kichwa kwa haya. "Ni kujaliwa tu, mwalimu."

Mboni akafungua mdomo. Mama yake akamfinya bega.

"Kaa kimya, mwanangu," akamnong'oneza. "Wino haujakauka."