Wote Waje Dirishani

Asubuhi mfamasia mkuu aliandika kwenye kompyuta jina la mgonjwa wa kwanza, akanywa chai, akaosha kikombe, na jibu lilikuwa bado halijaja. Ndipo akaitwa fundi wa kompyuta.

Hospitali ile ilikuwa na hifadhidata mbili. Ya masjala ilikuwa kongwe na ilitunza habari za wagonjwa. Ya dirisha la dawa ilikuwa mpya, na ilijiona. Siku hifadhidata hizo zilipounganishwa watu walipiga makofi, lakini kuunganishwa si kuelewana, waulize waliooana.

Fundi alipima mtandao, akaukuta mzima. Akapima mashine zote mbili, nazo nzima. Basi akaufuata waya kwa miguu.

Waya ulipita koridoni, na korido ilijaa watu. Kila dirisha lilipouliza habari za mgonjwa mmoja, wagonjwa wote waliowahi kuandikishwa masjala walikuja, walio hai na marehemu, wakaulizwa mmoja mmoja, "Ni wewe?" Asiye yeye alirudishwa. Marehemu walitembea vizuri, kwa kuwa hawakuumwa tena. Waliochelewesha foleni ni walio hai.

Katikati yao alikuwepo mama yake fundi, mwiko mkononi. Nyuma yake marehemu baba alimbebea mkoba.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?" mama akauliza.

"Bado. Mnaitwa hivi kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Sufuria zinaungulia jikoni. Na haya magoti yatanimaliza."

"Mimi sina neno," baba akasema. "Napata kutembea na mama yako."

Fundi ilimwingia moyoni. Akamweleza mfamasia mkuu kwamba tiba ni rahisi: swali liende masjala, mgonjwa achaguliwe huko huko, aje yeye peke yake.

"Masjala wanichagulie mgonjwa? Wale waliofungia funguo ndani ya kabati? Hapana, bwana. Walete wote, nitachagua mwenyewe."

Mkuu wa masjala naye hakutaka maswali ya watu kwenye mashine yake. "Wanataka wagonjwa, nawapa wagonjwa. Sijamnyima mtu."

Uongozi ulikaa kikao, ukanunua mabenchi ya koridoni.

Baadaye daktari alimwandikia mama dawa ya magoti, na fundi akaenda kuichukua. Mfamasia mkuu aliandika jina. Watu wakaja. Si wewe. Si wewe. Wewe pia siye. Mama alikuwa wa mwisho kabisa, amemwegemea baba, anavuta mguu. Kabla hajafika, mashine ilichoka kusubiri, ikaandika kwamba mgonjwa huyo hayupo.

"Hayupo," mfamasia mkuu alisema kwa upole.

"Yupo. Si yule anakuja?"

Mfamasia mkuu akachungulia. "Mimi namwona. Mashine ndiyo haimwoni. Jaribu kesho."

Mama alifika, akaketi kwenye benchi jipya, akalisifu.

"Leo walikuwa wanamtaka nani?"

"Wewe, mama."

"Kumbe!" Alifurahi kweli. "Ndiyo maana nilijikaza."

Mfamasia mkuu akaandika jina la aliyefuata. Baba alichukua mkoba, akamshika mama mkono, wakarudi masjala kuanza upya.