Fundo la Baba kwenye Mguu wa Mashine

Na itangazwe kwa wote waeleao majini na watembeao nchi kavu: nahodha wa boti ya familia, likizo hii, ni Msomi, binti wa mwisho, bingwa wa mashine, fahari ya bweni la wasichana.

Ukweli ni kwamba nahodha huyo alikaa mbele, ameshika kopo la kuchotea maji yanayoingia botini. Nyuma, aliyeshika mkono wa mashine ya kuendeshea boti alikuwa shemeji, mume wa dada yake, mtu aliyeingia ukoo huu juzi tu. Na baba, yule yule aliyeahidi "ukirudi likizo utaendesha wewe," alikuwa akimsifu: "Safi, mwanangu! Una mkono mwepesi."

Mwanangu! Msomi akachota maji yasiyokuwapo, akayamwaga.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Waliusahau wivu, ambao ni kwikwi: ukiubana unazidi. Ndiyo maana asubuhi ile, mashine ikiwa bado imeinuliwa, Msomi aliuviringishia mguu wa mashine unaozama majini mfuko wa nailoni, akaziba matundu yanayonyonya maji ya kuipoza, akafunga kwa uzi. Mpango ulikuwa mtukufu: king'ora cha joto kilie, shemeji ababaike, baba aseme, "Mpishe Msomi."

King'ora kikalia. Piiiii!

Shemeji hakubabaika hata kidogo. Aligeuka, akatazama kitundu kinachochuruzisha maji mashine inapokuwa salama. "Baba, haikojoi," akasema, akaizima papo hapo.

"Chokoa, labda kimeziba."

Akachokoa kwa waya. Hapakuwa na uchafu. "Basi shida iko chini, inaponyonya." Akaiinua mashine, na mfuko ukaibuka ukining'inia kama soksi iliyolowa. Akahangaika na uzi mpaka kucha zikamuuma.

"Fundo gani hili, jamani? Shemeji, hebu nipe kisu."

Kisu kilikuwa miguuni pa Msomi. Angekitoa tu, mambo yangeisha. Lakini fundo lile baba alimfundisha yeye peke yake, enzi hizo hana meno ya mbele. Hata dada hakufundishwa. Leo likatwe kama kamba ya mbuzi?

"Kisu cha nini?" akafoka, akiruka viti kwenda nyuma. "Fundo la baba hulijui? Unasukuma hapa, unavuta mkia huu!"

Akavuta. Fundo likaachia lote kwa mara moja.

Baba akautazama uzi, kisha akamtazama bintiye.

"Fundo hilo tunalijua wangapi?"

"Wawili, baba."

"Na mimi nimelifunga?"

Msomi akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Nimefunga mimi. Tangu nirudi likizo unampa mkono wa mashine, unamwita mwanangu. Nikaona kesho utamfundisha na fundo letu."

Akautazama uzi mkononi mwa shemeji, ambaye tayari alikuwa akilijaribu fundo lile: kusukuma hapa, kuvuta mkia huu.

"Na sasa," akasema, "nimemfundisha mwenyewe."