Vijiti Kumi na Vitano

Vijiti vyake vilikuwa kumi na vitano, vimechomekwa kwenye ubao ulioangikwa kando ya jiko la kuni, na kila alipoingia katika kibanda cha wawindaji Truphosa alivitazama kwanza kabla hajamsalimu mtu. Hakuvihesabu. Mama hahesabu watoto wake mlangoni. Huangaza jicho tu, akajua kwamba wapo.

Chama chenyewe kilikuwa kidogo, watu ishirini na kitu, na msitu wao ulikuwa kusini mwa Stockholm, ng'ambo ya Flemingsberg, mahali ambapo treni husikika zikipita lakini hazionekani. Waliwinda älg, yule kulungu mkubwa wa kaskazini mwenye miguu mirefu kama ngazi na pua kama kiatu kilichovaliwa miaka mingi. Wenye mashamba walikuwa na haki zao za kurithi. Wasio na ardhi, kama Truphosa, walizitolea jasho: siku moja ya kazi msituni, kijiti kimoja ubaoni. Walifyeka njia, wakakarabati madungu wanamokaa wawindaji, wakabeba mawe ya chumvi wanayolamba wanyama. Vijiti vikifika kumi na vitano, mwenye navyo aliweza kuchagua dungu alitakalo kabla ya kura kupigwa, kwa asubuhi moja tu. Kisha vijiti vyake vyote, viwe kumi na vitano au mia, viling'olewa na kutiwa jikoni kuchemshia kahawa. Ukishainywa kahawa hiyo, unaanza upya na tundu tupu.

Ilimchukua miaka minne. Alijifunza uwindaji kwenye masomo ya jioni, baada ya zamu zake za uuguzi, akiandika maneno ya mwalimu kwa Kiswidi ukurasa wa kushoto na kwa Kiswahili ukurasa wa kulia, ili ayaelewe mara mbili. Vijiti vitatu vya mwisho alivipata akiwa na mimba ya miezi mitano, amebeba jiwe la chumvi kifuani huku mumewe, Bravin, akimfuata nyuma na mawe mawili na malalamiko kumi.

Chini ya jina lake palikuwa na jina la Mzee Evodius. Vijiti arobaini na kimoja, safu tatu, vya zamani vimegeuka rangi ya chai.

Msimu ulikuwa ufunguliwe Jumatatu ya pili ya Oktoba, na kwa wiki nzima Truphosa alipewa ushauri hata na wasiojua kulungu ana miguu mingapi. Dungu la saba, walisema wote. Pale kati ya ziwa na kinamasi ndipo wanyama hupenda kuvuka. Ila vijiti avitumie lini? Wengine walisema siku ya kwanza, wanyama wangali hawajashtuka. Wengine wakasema Novemba, majani yameanguka na theluji inasema nani kapita. Naye Truphosa aliyasikiliza yote, akirudi nyumbani Vårby gård na kichwa kilichojaa kama kikapu cha sokoni.

Tena palikuwa na suala la maziwa. Milcah, binti yake wa miezi saba, alikuwa ameikataa chupa kwa dharau ya mtu mzima. Alinyonya saa kumi na mbili asubuhi, akanyonya tena saa tano, na katikati ya saa hizo mbili ndipo palipokuwa na uwindaji wote wa mama yake.

"Vijiti havili wala havinywi, mama Milcah," Bravin alisema Jumamosi asubuhi, akigeuza chapati kwa vidole, kwani mwiko alikuwa amemkabidhi mtoto autafune. "Viache vikae. Mwakani mtoto keshaachishwa ziwa, utakaa msituni hadi uote uyoga."

"Na mwakani nitasema mwakani."

"Basi vitumie Jumatatu."

"Na nikikosa?"

"Utakuwa umekosa ukiwa umekaa pazuri. Mimi kwenye basi hukaa pabaya na sipati hata sungura."

Truphosa alicheka, akaenda kumtafutia mtoto nguo. Chini kabisa ya droo mkono wake ukagusa kitu laini: sweta ya manjano, ya sufu, yenye vifungo vya mbao. Aliinunua kabla mtoto hajazaliwa. Akaiweka kwa ajili ya ubatizo. Ubatizo ukaangukia joto la Julai. Akaiweka kwa ajili ya picha ya kuwapelekea wa nyumbani. Picha ikapigwa siku ambayo sweta ilikuwa imesahaulika. Lebo ya duka ilikuwa ingali ikining'inia shingoni.

Alijaribu kumvisha. Shingo ya sweta ilipita utosini, ikafika kwenye paji la uso, ikagoma. Milcah akabaki amekaa kitandani, kofia ya manjano imesimama wima kichwani mwake, akiwatazama wazazi wake kwa ukali.

"Mwache," Bravin alisema kutoka mlangoni. "Askofu anataka kuhubiri."

Walicheka mpaka chapati ikaanza kunuka. Lakini Bravin alipokimbilia jikoni, Truphosa aliivua ile sweta taratibu, akaikunja, akakaa nayo mapajani. Kwao Kakamega mama yake alikuwa na vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, vya wageni. Katika maisha yake yote Truphosa hakuwahi kumwona mgeni aliyefikia cheo cha vikombe vile. Siku aliyoondoka kuja Uswidi ndipo mama alipovitoa, akammiminia chai, na ile dhahabu iling'aa kama imetoka dukani jana. Alikunywa akiwaza: kumbe mgeni nilikuwa mimi, nami nimeambiwa siku ya kuondoka.

Alisoma lebo ya sweta. Miezi mitatu, ilisema. Akaikata kwa meno, akaiweka sweta kwenye mfuko wa nguo za kumpa mwingine.

*

Kura ya Jumatatu ilipigwa Jumapili alasiri, pale kibandani. Truphosa alifika mapema, Milcah amefungwa mgongoni kwa leso, akamkuta Evodius peke yake akipanga kuni kwa kuzipapasa.

"Shikamoo, Mzee Evodius."

"Marahaba, binti. Naona umekuja na bosi."

Evodius alikuwa mtu wa Bukoba aliyeendesha treni za abiria za Stockholm miaka thelathini, na ndiye aliyemwingiza Truphosa katika chama. Msimu huu bunduki yake ilibaki kabatini. Macho yalikuwa yamekataa, na kwa kanuni ya chama, jina la asiyebeba bunduki hufutwa ubaoni Mwaka Mpya, pamoja na vijiti vyake.

"Daktari amesemaje safari hii?"

"Amesema nikiona kulungu wawili, nimsalimie wa kushoto. Wa kulia hayupo." Alicheka, akafuta mikono kwenye suruali. "Haya, kila mtu ananiuliza kama umeamua. Umeamua?"

"Bado. Nataka nikuulize wewe. Ungekuwa unavitumia vyako, ungechagua wapi?"

"La saba. Mwenye akili yeyote huchagua la saba."

"Sikumuuliza mwenye akili, Mzee. Nimekuuliza wewe."

"Ninyi Wakenya!" alisema, lakini uso wake ulikuwa umelainika. Akakaa. Akaelekeza uso mbele, kama dereva anayengoja taa ibadilike. "La tatu," alisema mwishowe. "Nililijenga mwenyewe, vuli ile niliyostaafu. Mbao nilizibeba begani kutoka barabarani. Na benchi nikalifanya la watu wawili, maana la mtu mmoja sijui kulitengeneza. Kwetu hatujengi benchi la mtu mmoja. Misimu kumi na mmoja, kura haijanipeleka pale hata mara moja."

"Na vijiti vyote hivi? Kwa nini hukulichagua?"

"Niliona haya. Mnyama gani anapita la tatu? Watu wangecheka. Nikasema, kwanza nipate dume pale la saba, nipate heshima, kisha nitakwenda kukaa kwangu. Basi, mwaka wa theluji nikangoja mwaka usio na theluji. Mwaka usio na theluji nikangoja theluji." Aliinua kiganja, akakigeuza juu chini, kikiwa kitupu. "Kungoja ni kazi nzuri, binti. Tatizo lake haina likizo."

Mgongoni, Milcah alipiga chafya. Truphosa alimpapasa mguu, akahisi soksi iliyobana, akautazama ubao.

Watu walipojaa, Birgitta, mama mkavu mwenye nywele nyeupe aliyeongoza msako, alisimama na kofia yake ya kura. "Kabla sijaanza," alisema kwa Kiswidi chake cha polepole, "kuna anayetumia vijiti?"

"Mimi," Truphosa alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akakohoa, akarudia. "Mimi natumia. Dungu la tatu."

Mtu mmoja nyuma akasema, bila ubaya, "La tatu? Pale hupita treni tu."

Kibanda kizima kikacheka. Truphosa naye akacheka, masikio yakimwaka moto.

"Na mtu wa pili asiye na bunduki anaruhusiwa dunguni," aliendelea. "Nataka Evodius aje nami. Macho ninayo mimi, masikio anayo yeye."

Birgitta alimtazama juu ya miwani. Kisha akavichomoa vijiti ubaoni, kimoja kimoja, mpaka kumi na vitano, akavishika mkononi kama mtu aliyeokota njiti za kuwashia moto. Navyo vilikuwa hivyo tu. Mlango wa jiko ulipofunguliwa, mkono wa Truphosa ulijinyanyua wenyewe, ukitaka kuzuia hata kimoja, cha ukumbusho. Akaurudisha, akamshika mtoto mguu. Moto ukavipokea kwa mlio mdogo. Miaka minne haikutosha hata kuichemsha birika; ilibidi waongeze gogo.

Evodius alikunywa kikombe chake cha kahawa amegeukia dirishani.

*

Jumatatu palipambazuka kijivu, bila upepo. Bravin alibaki kibandani na Milcah aliyekwisha kushiba, na Truphosa akapanda ngazi ya dungu la tatu, kisha akamwongoza Evodius kipago kwa kipago, ingawa Evodius aliijua ngazi ile kuliko yeye. Mzee alipokaa alipitisha kiganja juu ya benchi, mwanzo mpaka mwisho. Halafu akatikisa kichwa, kama aliyekuta kitu kimekaa palepale alipokiacha.

Mbele yao palikuwa na uwazi mdogo wa majani ya njano, misonobari nyuma yake, na mbali kabisa sauti ya treni ikienda mjini.

"Hiyo imechelewa dakika nne," Evodius alinong'ona.

Saa zilipita. Mbwa alibweka mara mbili upande wa ziwa, akanyamaza. Truphosa alikula kipande cha chapati baridi na kumpa mwenzake nusu. Akashangaa kwamba hakuwa akifikiria vijiti. Alikuwa akisikiliza pumzi ya mzee, na jani moja lililokuwa likishuka kwa kusitasita, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Ilipokaribia saa nne Evodius aliweka kidole juu ya mkono wake. "Kushoto. Wawili. Mmoja mzito, mmoja hapana."

Hakuona kitu. Kisha akaona. Kulungu jike alisimama ukingoni mwa uwazi, mrefu, mweusi kwa umande, na nyuma ya miguu yake ilionekana miguu mingine minne, myembamba, ya hudhurungi. Truphosa aliinua bunduki kama alivyofundishwa. Kanuni aliijua kwa lugha zote mbili: ndama kwanza, kamwe si mama kabla ya ndama, asije akabaki yatima porini. Na ndama alikuwa amefichwa barabara na mwili wa mama yake.

Alingoja. Jike aligeuza masikio. Yule mdogo akasukuma kichwa chini ya tumbo la mamaye, na papo hapo Truphosa akahisi maziwa yakimshuka, moto, kabla ya saa yake, yakilowesha fulana. Kidole kilikuwa nje ya kifyatulio, mahali pake. Hakujua kama angefyatua iwapo ndama angejitokeza; baadaye, alipojiuliza kwa ukweli, bado hakujua.

Mama alipiga hatua, ndama akapiga yake, daima upande wa pili, mpaka misonobari ikawafunika.

Aliteremsha bunduki, akaita kwa redio ya mkononi: jike na ndama, kutoka dungu la tatu, wanaelekea kaskazini. Sauti ya Birgitta ilichelewa kujibu. "La tatu? Una hakika?"

Evodius aliziba mdomo kwa kofia, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Walipita," alisema alipoweza kusema. "Umesikia? Walipita kwangu."

*

Dume lilianguka mchana ule pale dungu la saba, kwa kijana aliyepewa na kura, na watu wakampongeza kwa haki. Truphosa alikuwa amekaa pembeni ya jiko, Milcah kifuani chini ya leso, akinyonya kwa pupa ya mtu aliyedhulumiwa. Bravin alimshikia bakuli la supu, kijiko kimoja akinywa yeye, kimoja akimlisha mkewe. Ubaoni, mkabala na jina lake, tundu zilikuwa wazi. Alizitazama kama alivyozoea, akakuta hazimuumi.

Birgitta alichukua kofia kwa kura ya Jumanne. "Kuna anayetumia vijiti?"

Benchi lilisogea. Evodius alisimama, akapapasa ukuta mpaka akaufikia ubao. "Kanuni inasema mchaguzi lazima awe na bunduki?"

Birgitta alifikiri. Akaitoa karatasi ya kanuni ukutani, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. "Haisemi."

"Basi naomba la tatu."

Alianza kuving'oa mwenyewe, kwa kugusa, vile vya rangi ya chai kwanza. Vingine vilikuwa vimekwama, akavizungusha polepole mpaka vikaachia. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemsaidia. Viganja vyake vilipojaa alimgeukia Truphosa, au mahali alipoisikia pumzi ya mtoto.

"Binti," alisema, "benchi lile ni la watu wawili. Na kesho, maziwa yatashuka saa ngapi?"